Safari ya Kondoa: Vilima Vilivyoliwa

Msomaji mpenzi, juma hili tufunge safari pamoja. Hatuendi ng'ambo, wala hatuendi mjini kutazama maghorofa. Twaenda Kondoa, katika mkoa wa Dodoma, kwenye vilima vya Irangi, nchi ya Warangi. Nataka ukaone jeraha pamoja na kovu lake. Jeraha lilitokana na midomo na kwato za mifugo, pamoja na jembe na shoka la binadamu. Kovu ni majani na miti iliyoota tena mahali pale palipokuwa mchanga mtupu. Ukiisha kuona, nadhani hutaitazama tena nyama iliyo chunguni kwa jicho lile lile.

Usiogope, sikuiti ili nikukataze kula nyama. Nyama ni kipaji cha Mungu. Hata yule baba wa Injili, mwanawe mpotevu aliporudi, alimchinjia ndama aliyenona, na nyumba nzima ikafurahi. Lakini kila kipaji kina bei yake, na bei ya nyama hailipwi buchani peke yake. Sehemu kubwa ya bei hiyo hulipwa na ardhi, nayo ardhi haina kinywa cha kudai deni lake. Huonyesha tu. Basi twende tukaone ilivyoonyesha.

Njiani

Tukitoka mjini Dodoma twashika barabara ya kaskazini iendayo Babati hata Arusha. Zamani njia hii iliwatesa wasafiri, hasa wakati wa masika. Siku hizi ni lami, iliyozinduliwa mwaka 2018. Twapita nchi ya Wagogo, nchi kavu yenye mibuyu na migunga, na makundi ya ng'ombe na mbuzi yakivuka barabara taratibu kana kwamba gari ndilo geni pale. Twapita Mayamaya, na baada ya kilometa 160 hivi twafika mji wa Kondoa. Wakatoliki wa hapa wana jimbo lao wenyewe tangu mwaka 2011. Kabla ya hapo walikuwa chini ya Jimbo la Dodoma.

Tuzidi kwenda mbele kidogo, mpaka Kolo. Hapa tushuke garini, tupande kwa miguu. Juu katika miamba utaona picha zilizochorwa na watu wa kale kwa rangi nyekundu: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu. Mapango na miamba yenye picha za namna hii katika nchi hii yapita 150, na mwaka 2006 shirika la UNESCO liliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia.

Itazame michoro hiyo vizuri, maana inahusu habari yetu. Wengi wa wale waliochora picha nyekundu walikuwa wawindaji. Nao walikula nyama. Lakini walikuwa wachache, tena walihama, na mnyama waliyemla alikuwa ametembea mwenyewe katika pori kubwa kutafuta malisho. Hawakukusanya wanyama elfu mahali pamoja wakawarudisha papo hapo kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kula nyama ni desturi ya kale katika vilima hivi. Kilichobadilika ni hesabu.

Jeraha

Sasa ugeuke, utazame chini. Waona vilima vya kijani, mashamba ya mahindi, ya uwele na ya mtama, na vichaka vilivyoshikana. Mgeni asiyejua habari za mahali hapa husema tu, "Nchi nzuri!" kisha hupiga picha na kwenda zake. Lakini tazama tena pale penye mteremko. Waona mifereji mirefu iliyochimbika katika udongo mwekundu? Ndiyo makorongo. Mengine yana kina kupita urefu wa nyumba. Nusu karne iliyopita makorongo hayo yalikuwa wazi kama vidonda vibichi. Kila mvua iliponyesha yaliongezeka upana, yakala shamba la huyu na njia ya yule, na mito ikashusha mchanga mwingi na kuufunika udongo mwema wa bondeni.

Ilikuwaje? Wataalam waliopima udongo wa vilima hivi wanasema mmomonyoko haukuanza jana. Una karne nyingi. Basi tusiwasingizie ng'ombe peke yao. Watu walikata miti ili wapate mashamba na kuni. Wakati wa Waingereza mapori yalifyekwa ili kufukuza mbung'o. Watu wakaongezeka, mashamba yakapanda mlima. Na juu ya hayo yote mifugo ikaongezeka.

Kazi ya mifugo ni hii. Ng'ombe hula majani, mbuzi humalizia vichipukizi. Nchi ikiwa na mifugo ya kadiri, majani huota tena, na samadi huirutubisha ardhi. Lakini midomo ikizidi, majani huliwa kabla hayajatia mbegu, na mizizi hufa. Kisha kwato hukanyaga ardhi iliyo uchi, zikaigandamiza kama sakafu. Mvua ikija haiingii tena chini, bali hutelemka. Inafuata njia za ng'ombe ziendazo mtoni, nayo njia ya ng'ombe ya mwaka huu ndiyo korongo la mwaka kesho. Wazee wetu walisema: bandu bandu huisha gogo. Mlima nao huisha vivyo hivyo, konzi baada ya konzi.

Waingereza waliliona jambo hili wakajaribu kulizuia kwa amri. Waliwalazimisha watu kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Watu waliichukia kazi ile, maana ililetwa kwa amri ya mtawala, si kwa mashauri ya wenyeji. Basi baada ya Uhuru wa mwaka 1961 kazi ikaachwa, na matuta yakaachiwa maji.

Amri ya mwaka 1979

Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaujua kwa jina la HADO, ukisaidiwa na fedha za Uswidi. Wakachimba matuta ya kukinga maji, wakapanda miti, mkonge na matete. Lakini waliona wanasumbuka bure. Walichopanda asubuhi kililiwa jioni.

Ndipo mwaka 1979 likaja neno zito. Sehemu iliyoharibika kupita nyingine, yenye kilometa za mraba 1,256, yaani kama ekari 310,000, ikafungwa kwa mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda, wote waondoke. Walikuwa kadiri ya 90,000.

Hapa, baba wa nyumba, simama kidogo ufikiri. Si neno la kusoma na kupita. Fikiri ni zizi lako. Fikiri ni ng'ombe uliowapata kwa mahari ya binti yako, na wale uliowaweka kwa ajili ya kumwoza kijana wako. Ndiyo benki yako, ndiyo dawa mtoto akiugua, ndiyo heshima yako mbele ya wazee wenzako. Asubuhi moja waswaga ng'ombe wako kwenda mbali, nchi ya tambarare, ukawaache kwa ndugu au rafiki, kama unaye. Ukirudi zizi ni kimya.

Nawe mama, fikiri. Maziwa ya watoto yamekwenda na ng'ombe. Punda aliyekubebea gunia amekwenda, basi mzigo warudi kichwani pako. Samadi hakuna, na shamba lazidi kuchoka. Wako waliohama kabisa wakafuata mifugo yao. Wako waliorudisha mbuzi kwa siri usiku, wakakamatwa wakatozwa faini. Tena tusifiche neno hili: ng'ombe walioondolewa hawakuacha kula. Walikwenda kula majani ya mahali pengine, na mzigo ulioondoka mlimani ukaangukia tambarare.

Basi ulikuwa ni haki? Watu wa Kondoa wenyewe wamekuwa na mashauri mawili katika jambo hili kwa miaka mingi, wala si kazi yangu mgeni kuwaamua. Ila kuna neno moja ambalo hata wale waliolia hawakuweza kulikana. Mlima uliitika.

Kovu

Majani yaliota, wala hayakungoja kupandwa. Yalikuwa yakingoja nafasi tu. Baada ya majani vikaja vichaka, na baada ya vichaka miti. Kingo za makorongo zikashikwa na mizizi. Mito ya mchanga iliyokuwa mipana ikaanza kupungua upana, na penye mchanga uliotulia watu wakapata mahali papya pa kulima. Majani ya kuezekea yakapatikana tena, na kuni pia. Wataalam walitoka nchi za mbali kuja kutazama ajabu hii, na vitabu vikaandikwa juu yake.

Lakini mtoto hanyweshwi mandhari. Watu walitaka maziwa. Basi kuanzia mwaka 1989 ng'ombe waliruhusiwa kurudi, ila kwa namna nyingine. Hawakurudi kundi kwa kundi, bali mmoja mmoja au wawili wawili. Walikuwa ng'ombe chotara wa maziwa, wanaokaa zizini. Hawaendi kwenye majani. Majani ndiyo yanayoletwa kwao. Baba na mama hupanda matete juu ya tuta, hukata, hubeba, humpa. Kazi ni nyingi, hilo sikatai. Lakini ng'ombe mmoja wa namna hii hutoa maziwa kupita ya ng'ombe kadhaa wa kienyeji, samadi yake yote iko mahali pamoja tayari kwa shamba, na kwato zake hazichimbi korongo la mtu.

Waona basi? Wanyama walirudi na mlima haukufa. Mlima haukuwa na chuki na ng'ombe. Ulichoshindwa kubeba ni wingi wao na namna ya kuwalisha.

Tufanye hesabu

Sasa tukae chini ya mti huu, tufanye hesabu kidogo, kama watoto wa shule. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kwa siku kama kilo sita za majani, ukiyahesabu yakiwa makavu. Hafikii uzito huo kwa mwaka mmoja. Huchukua miaka minne au mitano. Hata tukikumbuka kwamba alipokuwa ndama alikula kidogo, mpaka siku ya kuchinjwa amekwisha kula tani saba hivi. Nasi twapata nini? Ukiisha kutoa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, hubaki kilo 125 hivi za nyama na mifupa. Yaani kila kilo moja itundikwayo buchani ina ndani yake zaidi ya kilo 50 za majani ya mlima.

Kama majani yale yameota mahali pasipofaa kulimwa, na mvua inayarudisha, hakuna hasara. Hiyo ndiyo hekima ya mfugaji: kugeuza majani, ambayo binadamu hawezi kuyala, yawe chakula. Lakini kama majani hayapati nafasi ya kurudi, basi tunachokula si nyama tena. Twala udongo wa wajukuu wetu.

Tena jambo hili si la Kondoa peke yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limehesabu kwamba malisho ya mifugo yamechukua kama robo nzima ya nchi kavu yote ya dunia isiyofunikwa na barafu. Huko Brazili, katika msitu mkubwa wa Amazon, sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa imegeuzwa malisho ya ng'ombe. Na liko jambo lisiloonekana kwa macho. Ng'ombe anapocheua hutoa kinywani hewa iitwayo methani, ambayo hupanda juu na kuzuia joto la dunia lisitoke. Mwaka 2013 shirika hilo hilo lilisema kwamba katika kila sehemu 100 za hewa chafu za namna hiyo zitokanazo na kazi za binadamu, sehemu 14 na nusu zatoka katika ufugaji. Joto likizidi, mvua huharibu majira yake; na mvua ikiharibu majira, wewe mkulima ndiwe wa kwanza kujua.

Utaniambia: "Bwana Mwandishi, sisi huku kijijini twala nyama siku ya Pasaka na Noeli, na harusi ikitokea. Dhambi hiyo ni yetu?" Swali lako ni la haki. Mtu wa Marekani, ukigawanya sawa, hula kupita kilo 100 za nyama kwa mwaka. Sisi hatufikii hata nusu yake. Mzigo mkubwa wa hewa ile ni wao na wapate kuulizwa. Lakini korongo lililo nyuma ya nyumba yako halikuchimbwa na Mmarekani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na miji yetu yenye choma na supu yazidi kukua kila mwaka. Mchuma janga hula na wa kwao.

Abrahamu na Loti

Kabla hatujarudi garini, nikukumbushe habari ya kale kupita HADO. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, twasoma kwamba Abrahamu na Loti mpwa wake walikuwa na mifugo mingi hata nchi haikuweza kuwachukua wote pamoja, na wachungaji wao wakagombana. Abrahamu, aliye mkubwa, hakusema, "Mimi ni mkubwa, nchi ni yangu." Alimwachia kijana achague kwanza. Alijua kuhesabu: aliona kwamba nchi ina mwisho. Tena alijua kupunguza haki yake ili amani ikae.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alituandikia waraka wa Laudato Si' mwaka 2015. Alitufundisha humo kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Hapa Kondoa maneno hayo waweza kuyagusa kwa mkono. Ardhi ililia, na maskini aliyenyang'anywa mifugo naye akalia. Kama watu wangalikaa mapema na kukubaliana juu ya idadi, pengine lisingalihitajika neno la Serikali mwaka 1979. Asiyepunguza mwenyewe hupunguziwa, na kupunguziwa kuna uchungu.

Turudi nyumbani

Basi tukirudi, tufanye nini? Nakupa mashauri machache, uyapime pamoja na watu wa nyumba yako.

Kwanza, hesabu mifugo yako pamoja na majani yako, si mifugo peke yake. Ng'ombe watano walioshiba ni mali kupita ishirini wanaoonyesha mbavu. Ukiwa na wazee au wasioongeza kitu, wauze mapema kabla ya kiangazi, usingoje wafe.

Pili, panda majani kama upandavyo mahindi. Matete juu ya matuta hushika udongo na kulisha ng'ombe.

Tatu, mama wa nyumba, usidharau kunde, choroko, maharage, mbaazi na njugu. Hivyo navyo hujenga mwili wa mtoto, tena shamba lililopandwa kunde hubaki na nguvu. Kanisa limetuzoeza tangu zamani kuacha nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Tunaiacha kwa ajili ya toba, kweli, lakini zoezi lile latufundisha pia kwamba meza isiyo na nyama si meza ya aibu.

Nne, jambo hili lizungumzwe katika jumuiya na katika mkutano wa kijiji wakati majani yangalipo. Shauri la malisho likingoja korongo lifike mlangoni, limechelewa.

Na siku ya sikukuu, mchinje mbuzi wenu mle kwa furaha na kumshukuru Mungu, na jirani asiye na kitu apelekewe bakuli lake. Lakini baba akiisha kubariki chakula, awaulize watoto swali moja: "Mbuzi huyu alikula wapi, na pale alipokula pakoje sasa?" Wakiweza kujibu kwamba majani yameota tena, kuleni kwa amani. Wasipoweza, kesho yake waende pamoja naye mlimani kutazama.